Usafi Usiodhuru Shuleni na Kwenye Majengo ya Umma Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wazazi, walimu, wajumbe wa kamati za shule na wahudumu wa usafi wa Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Nimeyaweka pamoja kwa sababu majibu yake yanategemeana. Ninachokitetea ni kimoja: shule, zahanati na ofisi ya umma zisafishwe kwa vitu vinavyojulikana ni nini, vilivyopimwa, na kwa sharti lililoandikwa. Jambo hili lisiachwe kwa hiari ya aliye zamu siku hiyo.

Mnaposema "usafi usiodhuru" mnamaanisha nini hasa?

Usafi unaoondoa uchafu na vijidudu bila kumwachia mtu madhara kifuani, machoni au kwenye ngozi, na bila kupeleka madhara hayo kwenye mtaro, kisima au mto. Kwa vitendo ni sabuni isiyo kali kwa kazi za kila siku, dawa ya kuua vijidudu pale tu inapohitajika, kipimo badala ya kukadiria kwa macho, vifaa vinavyonasa vumbi badala ya kulirusha, na mhudumu aliyefundishwa na kuvalishwa. Hakuna kitu kigeni hapo. Bibi aliyenyunyiza maji uani kabla ya kufagia alikuwa anafanya sehemu ya kazi hii.

Darasa likinukia jiki, si ndiyo dalili kwamba limesafishwa?

Hapana. Harufu ile inaonyesha tu kwamba kuna kemikali hewani, na anayeivuta ni mtoto wa darasa la pili aliyekaa chini ya dirisha lisilofunguka. Jiki ikimwagwa juu ya sakafu yenye mchanga, matope na mabaki ya chakula, nguvu yake humalizwa na uchafu wenyewe kabla ya kumfikia kijidudu. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii husema sabuni kwanza, maji ya kusuuza, kisha dawa kama inahitajika. Sakafu iliyosafishwa vizuri haina harufu yoyote.

Hali ni hiyo hiyo kwa marashi ya kupuliza yanayowekwa kwenye vyoo vya ofisi nyingi mjini. Yanafunika harufu ya mkojo, hayauondoi. Ofisi inayonunua marashi kila mwezi huku bomba la choo halitoi maji imeweka fedha mahali pasipo sahihi.

Je, madhara yamethibitishwa au ni hofu tu?

Yamethibitishwa, na si kwa watoto peke yao. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwe, walichapisha matokeo ya kufuatilia watu 6,235 kwa takriban miaka 20. Wanawake waliokuwa wakifanya usafi, nyumbani au kwa ajira, uwezo wa mapafu yao ulishuka haraka zaidi kuliko wa wanawake wasiofanya kazi hiyo. Hawa hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda cha kemikali. Walikuwa watu wa ndoo, dekio na dawa za kupuliza, kama dada zetu wanaoingia kazini saa 11 alfajiri pale Posta na Kariakoo.

Mtoto ana mzigo wa ziada. Kwa kila kilo ya uzito wake anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, anakaa karibu zaidi na sakafu, anashika dawati kisha anapeleka mkono mdomoni. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa sababu tu choo cha jirani kimemwagiwa dawa kali wakati wa mapumziko.

Kuna mfano mmoja ambao kwetu unahitaji uzito zaidi kuliko unavyopewa. Vile vidonge vyeupe vya kuondoa harufu vinavyotupwa kwenye vyoo na makabati, baadhi yake ni naftalini. Naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo ni wa kurithi na umeenea zaidi katika sehemu zenye historia ndefu ya malaria, pwani yetu ikiwemo. Watoto wengi wanao na wazazi hawajui. Vidonge hivyo havisafishi kitu. Kwa maoni yangu visiruhusiwe kabisa shuleni, na hili halihitaji kusubiri bajeti.

Ni michanganyiko ipi ya hatari zaidi?

Jiki na dawa ya choo yenye asidi. Hii ndiyo inayotokea mara nyingi, kwa sababu zote mbili huwekwa kwenye stoo moja na anayesafisha anadhani mbili zikichanganywa zitakuwa na nguvu maradufu. Kinachotoka ni gesi ya klorini, ambayo inaunguza macho, koo na mapafu. Chooni, penye dirisha dogo la juu, mtu anaweza kuanguka kabla hajafika mlangoni.

Jiki na kitu chenye amonia nayo ni hatari, na hapa watu wengi hawajui kwamba mkojo uliokaa unatoa amonia. Ndiyo sababu ukimwaga jiki moja kwa moja kwenye mfereji wa kukojolea wavulana macho yanawasha papo hapo. Mwaga maji mengi kwanza, sugua kwa sabuni, suuza, halafu ndipo ufikirie dawa.

Jiki na siki au limao hutoa klorini pia. Anayechanganya akidhani limao ni salama kwa kuwa ni tunda anakosea vibaya.

Wapo pia wanaoweka mafuta ya taa kwenye maji ya deki ili kufukuza sisimizi. Mvuke wake unabaki chumbani siku nzima, na sakafu inakuwa tayari kushika moto. Darasani jambo hilo halifai.

Mtu akivuta gesi, mtoeni nje kwenye hewa na mpelekeni kituo cha afya hata kama anasema ameshapata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kuvimba baadaye. Dawa ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha. Mtoto akinywa, asitapishwe na asipewe maziwa kwa kubahatisha. Suuzeni mdomo, chukueni chupa yenyewe, mkimbilie hospitali.

Kipindupindu kikiingia je? Mtatuambia tuache jiki?

La hasha. Jiji hili linakijua kipindupindu. Mlipuko ulioanza Agosti 2015 ulianzia hapa hapa Dar es Salaam kabla ya kusambaa mikoani, na klorini, dawa iliyomo kwenye jiki, ni miongoni mwa vitu vilivyookoa watu. Ninachokipinga ni kuitumia kila mahali, kila siku, bila kipimo, mpaka siku inapohitajika kweli chupa ni tupu au imepoteza nguvu.

Jiki hupoteza nguvu kwa joto na mwanga. Dumu lililokaa miezi juu ya rafu chini ya bati, kwa joto letu la Januari, linaweza kuwa na harufu tu. Nunueni kidogo kidogo, angalieni tarehe, hifadhini penye giza na ubaridi. Iliyochanganywa na maji itumike siku hiyo hiyo. Na maji yawe ya baridi.

Kipimo kinategemea nguvu iliyoandikwa kwenye chupa. Tuchukue jiki yenye asilimia 3.5. Kwa kufuta vitasa, madawati na bomba wakati wa tahadhari, mchanganyiko wa asilimia 0.1 unatosha: kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 34 vya maji, yaani kama mililita 300 kwenye ndoo ya lita 10. Kwa mahali palipotapikwa, palipoharishwa au palipomwagika damu, ni asilimia 0.5: kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji. Ondoa uchafu kwanza kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, osha kwa sabuni, kisha acha dawa ikae dakika 10. Kama kipindupindu kimetangazwa, fuateni maelekezo ya afisa afya wa kata, maana vinyesi na matapishi ya mgonjwa huhitaji mchanganyiko mkali zaidi ya huo.

Kupulizia watu dawa, kuwapitisha watoto kwenye ukungu wa klorini getini, ni kosa. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2020 kwamba watu wasipulizwe dawa kwa hali yoyote. Mikono inaoshwa kwa maji na sabuni.

Siki, limao na magadi vinatosha?

Kwa baadhi ya kazi, ndiyo. Siki inatoa chokaa kwenye bomba na sinki, na magadi yanasugua vizuri masufuria ya jikoni. Haviui vijidudu kwa kiwango cha kuaminika kwenye choo cha watoto 900, na siki inakula sakafu ya teraso na marumaru halisi. Sabuni ya mche na maji ni bora kuliko vyote viwili kwa deki ya kila siku.

Wanafunzi waendelee na zamu za usafi?

Waendelee, na nasema hivyo nikijua kuna wazazi wasiopenda. Kufagia darasa lako, kuokota taka, kumwagilia maua na kufuta dawati ni sehemu ya malezi ya shule zetu tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na sioni sababu ya kuyafuta.

Kikomo kiwe kwenye kemikali. Mwanafunzi asishike asidi ya choo, asipime jiki, asitumwe stoo kuchukua dumu, asisafishe matapishi ya mwenzake. Hayo ni ya mtu mzima aliyefundishwa na mwenye glovu na gambuti. Shule nyingi za msingi hazina mhudumu wa namna hiyo, na hapo ndipo mtoto wa darasa la sita anapojikuta amechuchumaa juu ya tundu la choo na chupa ya asidi mkononi. Huyo hajifunzi kujitegemea. Anafanya kazi ya mtu ambaye hajaajiriwa.

Halafu lipo suala la wingi. Mwongozo wa kitaifa wa maji na usafi shuleni unataka tundu 1 la choo kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Pale ambapo tundu moja linabeba mara tatu ya idadi hiyo, hakuna dawa duniani itakayolifanya lisinuke kufika saa 4. Kamati zisidanganyike kununua dawa kali zaidi mahali panapohitaji tundu la pili.

Mnataka kuua biashara ya akina mama wanaotengeneza sabuni ya maji?

Swali hili huja kwa hasira, na lina haki ya kuja hivyo. Sabuni ya maji inayotengenezwa Mbagala, Manzese au Gongo la Mboto inalisha familia nyingi, na vikundi vingi vilianza kwa mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Ni rahisi kuliko ya kiwandani na inasafisha. Ukinunua kwa mama wa mtaani fedha inabaki mtaani. Sitaki kuona sharti lolote linalomfungia mlango.

Ila tuongee ukweli kuhusu kilichomo. Mapishi yanayofundishwa kwenye semina nyingi yana salfoniki (asidi inayotoa uchafu), slesi (ya povu), soda, chumvi, rangi, pafyumu, na fomalini kidogo ili isioze. Fomalini ni formaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, ambayo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayedhurika wa kwanza ni mtengenezaji mwenyewe, anayeimimina kwa kifuniko ndani ya chumba kimoja na watoto wamelala pembeni. Pili, salfoniki isiyosawazishwa vizuri na soda huacha sabuni ikiwa na asidi au magadi mengi mno, na mikono ya mhudumu inachubuka. Tatu ni chupa. Sabuni ya kijani kwenye chupa ya maji ya kunywa, au ya njano kwenye chupa ya juisi, inamngoja mtoto mwenye kiu.

Kwa hiyo sharti ninalolitaka lingemsaidia mama huyu. Shule ikiambiwa inunue tu sabuni yenye lebo, yenye orodha ya vilivyomo, isiyo na fomalini, kwenye chombo kisichofanana na cha kinywaji, kikundi kilichojipanga kitapata mteja wa uhakika kwa mwaka mzima. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha na kuwatambulisha wajasiriamali wadogo kwa TBS, shirika la viwango, ambako hupata unafuu wa gharama za kupimiwa. Sheria ya ununuzi wa umma nayo imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Njia ipo. Kinachokosekana ni mnunuzi anayedai kitu bora na kukilipia kwa wakati, na malipo yanayocheleweshwa ndiyo yanayoua vikundi hivi kuliko sharti lolote.

Kwa anayetengeneza leo: acha fomalini na utengeneze kidogo kidogo iuzike ndani ya wiki chache, au tumia kihifadhi cha sabuni kinachouzwa kwa kazi hiyo. Punguza rangi. Pafyumu si lazima. Pima kwa karatasi ya kupimia asidi kabla ya kufungasha, karatasi hizo zinapatikana Kariakoo kwenye maduka hayo hayo ya malighafi.

Kwa nini iwe sharti? Elimu haitoshi?

Elimu inatolewa kwa mtu, na watu wanahama. Mwalimu wa afya aliyehudhuria semina anapata uhamisho, mhudumu aliyeelewa anaacha kazi, mzabuni mpya anaingia na madumu yake yasiyo na lebo, na shule inarudi ilikokuwa. Sharti lililo kwenye mkataba linabaki mlangoni likimngoja anayefuata.

Tunao mfano wetu wenyewe. Kila mtu mjini alijua kwamba mifuko ya plastiki inaziba mitaro. Tulihubiriwa miaka mingi, na mitaro iliendelea kuziba. Tarehe 1 Juni 2019 katazo likaanza kazi, na sokoni Kariakoo watu wakabadilika ndani ya wiki chache. Elimu ilikuwa imewaandaa, lakini kilichowasukuma ni sharti.

Nje ya nchi pia wamepitia njia hiyo. Jimbo la New York, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2005 inayozitaka shule, za umma na za binafsi, kununua na kutumia bidhaa za usafi zisizodhuru afya na mazingira. Illinois ikafuata mwaka 2007, ikaweka mwanya kwa shule itakayoonyesha kwamba gharama zake zitapanda. Wao wana alama za uthibitisho wanazozitegemea, mathalani Green Seal iliyoanza mwaka 1989. Hatuhitaji kuiga kila kitu. La kuiga ni kwamba hawakuishia kwenye mabango.

Si tayari tuna sheria?

Tunazo, na ni nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria ya Afya na Usalama Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi dhidi ya vitu hatarishi. Kemikali za viwandani na majumbani zina sheria yake ya mwaka 2003, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ipo pia Sheria ya Afya ya Umma ya 2009.

Tatizo ni umbali kati ya sheria hizo na ndoo. Mwalimu mkuu anapopokea kampuni ya usafi, anachosoma ni mkataba, na mikataba mingi inasema tu "kufanya usafi wa majengo na mazingira". Haisemi kwa kitu gani. Halmashauri zinaweza kulijaza pengo hilo kesho asubuhi, bila kwenda Dodoma kutunga sheria mpya, kwa kuongeza ukurasa mmoja kwenye nyaraka za zabuni.

Ukurasa huo uandikwe nini?

Ningeandika hivi. Kila bidhaa iwe kwenye chombo chake chenye lebo ya Kiswahili inayotaja jina, vilivyomo, kipimo cha kuchanganya, hatari na huduma ya kwanza. Bidhaa zisizidi tano kwa jengo zima: sabuni ya kawaida, kitu cha kutoa chokaa, dawa ya kuua vijidudu, sabuni ya mikono na sabuni ya nguo za kazi. Zenye fomalini, naftalini na mafuta ya taa zisiingie. Asidi kali ya choo itumike kwa idhini ya maandishi, siku ambayo hakuna wanafunzi. Jiki na asidi zisikae rafu moja. Mzabuni alete kopo la kupimia kwa kila bidhaa, glovu, gambuti, aproni na miwani, na asiwakate wahudumu fedha kwa ajili ya vifaa hivyo. Vitambaa na madekio ya chooni yawe na rangi yake, yasivuke kuingia darasani wala jikoni. Wahudumu wafundishwe kabla ya kuanza, kwa Kiswahili, kwa kuonyeshwa na si kwa kupewa makaratasi. Kazi zenye mvuke zifanyike baada ya masomo, madirisha yakiwa wazi.

Na malipo ya mzabuni yaambatane na ukaguzi wa kipengele kimoja kimoja, la sivyo ukurasa huo utageuka pambo.

Shule yetu haina fedha. Haya yote ni ya shule za ada kubwa.

Naelewa. Tangu elimumsingi bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Mwalimu mkuu anaigawa kwa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na usafi. Hakuna cha kupoteza.

Lakini angalia fedha inapovuja sasa. Dawa inamiminwa kwa makadirio, mara nyingi zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika, kwa sababu hakuna kopo la kupimia. Zinanunuliwa aina sita za vitu kwa kazi ambayo sabuni moja inaifanya. Marashi na vidonge vya chooni vinaweza kuondolewa leo bila hasara yoyote. Mkeka mkubwa mlangoni, hata wa makuti au wa tairi zilizokatwa, unazuia mchanga usiingie, na kwa udongo wetu wa pwani mchanga ndio sehemu kubwa ya uchafu wa darasa. Kitambaa kibichi badala ya kikavu kwenye ubao kinamaliza vumbi la chaki. Vitambaa vya maikrofaiba vinagharimu zaidi siku ya kununua, ila vinafuliwa mara nyingi sana na vinahitaji sabuni kidogo.

Gharama ya kweli ni ya kuajiri na kuvalisha mhudumu. Hiyo siwezi kuipunguza kwa maneno, na kamati iipiganie kama inavyopigania madawati.

Maji yenyewe hayatoki.

Waliopitia mgawo wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, wanajua usafi wa shule unavyoanguka ndani ya siku tatu. Pasipo maji hakuna usafi wa aina yoyote, na kumwaga dawa kali kwenye choo kikavu kunaongeza hatari tu. Simtanki na mifereji ya kukinga maji ya mvua ije kabla ya dawa yoyote. Kwa deki, tumieni ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia dekio. Maji hayachafuki haraka, hivyo hamyamwagi kila baada ya chumba kimoja.

Maji machafu ya deki yanakwenda wapi?

Sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mfumo wa majitaka. Yanaingia kwenye shimo la choo au karo la shule, na karo linafanya kazi kwa sababu ya bakteria wanaokula uchafu. Ukiwamwagia jiki na asidi kila siku unawaua, shimo linajaa mapema, na gari la kunyonya majitaka linaitwa kabla ya wakati wake. Hili ni jambo ambalo wahasibu wa shule hulielewa haraka kuliko hoja ya mapafu.

Yanayotiririka kwenye mtaro huishia Msimbazi au kwenye mito midogo, kisha baharini. Wapo wanaomwagilia mchicha kandokando ya mito hiyo, na mchicha huo tunaukuta sokoni.

Na kupuliza dawa ya mende na mbu?

Ifanyike likizo, na mtu mwenye leseni, na darasa lipitishwe hewa na kufutwa madawati kabla ya wanafunzi kurudi. Ila mende anafuata makombo na unyevu. Zibeni nyufa za jikoni, funikeni mapipa, tengenezeni bomba linalovuja.

Nitatambuaje bidhaa salama dukani?

Maneno "asilia" na "haina kemikali" hayana maana, hata maji ni kemikali. Alama ya TBS inakuambia bidhaa imekidhi kiwango cha ubora, haikuambii kwamba ni rafiki wa mazingira, lakini ni bora kuanza nayo kuliko kukosa yote. Tafuta michoro ya almasi yenye ukingo mwekundu. Mkono unaoliwa na kimiminika maana yake inaunguza. Fuvu ni sumu. Samaki na mti mkavu maana yake inaua viumbe vya majini. Alama ya mshangao inaashiria mwasho. Bidhaa ya kazi ya kila siku darasani isiwe na mitatu ya kwanza. Isiyo na lebo kabisa, iache.

Sabuni za mikono zinazojitangaza kuua bakteria hazihitajiki shuleni. Marekani iliiondoa triklosani, kemikali ya kuua bakteria, kwenye sabuni za mikono za kawaida kwa uamuzi wa mwaka 2016, baada ya watengenezaji kushindwa kuonyesha kwamba inafanya kazi kuliko sabuni ya kawaida na kwamba ni salama kwa matumizi ya muda mrefu. Sabuni ya kipande, iliyotobolewa na kufungwa kamba karibu na bomba, inatosha.

Mimi ni mzazi tu. Nianze wapi?

Nenda shuleni kwa salamu, omba kuonyeshwa stoo ya usafi. Usiende na kamera. Angalia mambo matatu: kama vyombo vina lebo, kama jiki na asidi vimetenganishwa, kama kuna kopo la kupimia na glovu zisizotoboka. Muulize mhudumu kwa jina lake kama kifua kinambana au mikono inamwasha, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza. Kisha mwone mwenyekiti wa kamati ya shule, au wa bodi kama ni sekondari, umwombe aliweke suala hili kwenye ajenda ya kikao kijacho, na umwalike afisa afya wa kata ahudhurie. Mkikubaliana, liandikwe kwenye muhtasari na nakala ipelekwe ofisi ya mtendaji wa kata, kwa kuwa mikataba ya usafi ya mwaka wa fedha unaoanza Julai huandaliwa miezi kadhaa kabla, na barua ikifika Juni itakuwa imechelewa.